Tusinunue nguvu tusizoweza kuzidhibiti

Kila muhula wa pili unapofunguliwa, mvua ya masika ikiwa ingali inanyesha, wanafunzi wa shule zetu nyingi hupokewa na nyasi zilizofika magotini. Mafyekeo, ambayo wengi wetu tumezoea kuyaita slasha, hutolewa stoo, na yeyote aliyechelewa au aliyepiga kelele darasani hukabidhiwa lake na kuonyeshwa kipande chake. Nimefundisha fizikia kwa miaka mingi na nimeyashuhudia haya mara zisizohesabika. Leo sikusudii kuizungumzia adhabu, ijapokuwa nayo inastahili siku yake. Nakusudia kukizungumzia chombo ambacho shule zinazojiweza zimeanza kukinunua badala ya slasha, yaani mashine ya umeme ya kukata nyasi, pamoja na kosa tunalolifanya tunapokinunua.

Kosa lenyewe ni kwamba tunanunua nguvu bila kuununua udhibiti wake. Tunapofika dukani swali letu la kwanza ni mashine ina wati ngapi, na iliyo na wati nyingi ndiyo tunayoiona bora. Hatuulizi wati hizo zinakwenda wapi, wala mashine inajuaje kwamba hapa nyasi ni nyepesi na pale ni nzito. Matokeo yake ni kuwa pesa za wazazi zinageuka kuwa joto na moshi, na baada ya muda mfupi wanafunzi wanarudishiwa slasha zao.

Nayasema haya kwa sababu yalitupata. Katika shule moja niliyofundisha, ambayo sitaitaja jina, bodi iliamua kununua mashine ya wati 1,600 yenye kuchomekwa kwenye soketi. Siku ilipoletwa tulisimama uwanjani kama watu wanaopokea gari jipya. Kwa kuwa soketi ilikuwa mbali, tulinunua waya wa mita 50, tena ule mwembamba kwa kuwa ulikuwa rahisi. Nusu ya waya huo tuliuacha umezungushwa kwenye kibiringo chake. Nyasi zilikuwa ndefu na zingali na umande, jambo ambalo kwa mashine ya umeme ni hatari na tulistahili kulijua. Kabla ya muhula kwisha, ganda la waya lilikuwa limeyeyuka na kugandana, nayo mota ilikuwa ikitoa cheche na harufu ya kuungua. Tukamwita fundi wa mota. Aliifungua, akaitazama kwa muda, kisha akaniambia: "Mwalimu, hii haikufa kwa uzee. Mmeitwika mzigo huku mkiinyima chakula."

Mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu aliyekuwa amesimama kando aliniuliza: "Mwalimu, kama ina wati 1,600, mbona imeshindwa na nyasi?" Nilimjibu kwa maneno ya haraka haraka ambayo hayakumtosheleza, wala mimi hayakunitosheleza. Makala haya ndiyo jibu nililopaswa kumpa siku ile.

Jambo la kwanza ambalo ningemwambia ni kwamba wati zilizoandikwa kwenye kibandiko cha mashine ni kipimo cha kile inachokula. Kazi inayotendeka kwenye kisu ni kitu kingine. Tuchukue mfano wa kufundishia tu, usio wa mashine yoyote mahususi. Tuseme kisu kinahitaji wati 600 ili kikate na kurusha nyasi. Mota ambayo ufanisi wake ni asilimia 60 italazimika kuvuta wati 1,000 ili itoe hizo 600, na wati 400 zilizobaki zitakuwa joto linaloipika mota yenyewe. Mota ambayo ufanisi wake ni asilimia 85 itavuta takriban wati 706 tu kwa kazi ile ile. Anayetazama kibandiko ataiona mota ya kwanza kuwa na nguvu zaidi, ilhali tofauti yake ni ulafi tu.

Jambo la pili ni ule waya wetu. Waya wa shaba wenye unene wa milimita mraba 1, ukiwa na urefu wa mita 50, umeme huupita mita 50 kwenda na mita 50 kurudi. Ukinzani wake ni takriban omu 1.8. Mashine ya wati 1,600 katika umeme wetu wa volti 240 huvuta karibu ampea 7. Kwa hiyo volti zipatazo 12 na nusu hupotea njiani kabla ya kuifikia mota, na wati zipatazo 88 hugeuka joto ndani ya waya. Kila mwanafunzi wa fizikia anajua kuwa joto hilo hufuata kipeo cha pili cha mkondo. Nyasi nzito zikiilazimisha mota ivute ampea 14, hasara haiongezeki maradufu bali mara nne, na kufikia zaidi ya wati 350. Joto hilo likizalishwa katika waya uliozungushwa kwenye kibiringo, halina pa kutokea. Laiti tungalinunua waya wa milimita mraba 2.5 na kuukunjua wote, hasara ya kawaida ingalikuwa wati 35 hivi. Hesabu hiyo nilikuwa nikiiandika ubaoni kila mwaka, lakini sikuwahi kuitoa darasani na kuipeleka uwanjani.

Jambo la tatu ndilo lililonishangaza zaidi nilipolielewa. Sehemu kubwa ya nguvu za mashine ya kisu cha kuzunguka haitumiki kukata nyasi hata kidogo. Hutumika kuisukuma hewa. Kisu kile ni feni pia. Hewa huinua nyasi zisimame ili zikatwe, kisha huzirusha kwenye mfuko au pembeni, kwa hivyo hatuwezi kusema kuwa kazi yake yote ni ya bure. Hata hivyo, nguvu inayohitajika kuzungusha kitu hewani hukua kwa kipeo cha tatu cha kasi. Kisu kinachozunguka mara 3,000 kwa dakika kikipunguzwa hadi mara 2,400, kasi imepungua kwa sehemu moja kati ya tano tu. Lakini 0.8 ikizidishwa kwa 0.8 na tena kwa 0.8, tunapata 0.512. Maana yake ni kuwa nguvu inayoliwa na hewa imepungua karibu nusu.

Hapa ndipo tunapoingia katika kiini cha maneno yangu. Ikiwa uwanja una nyasi nyepesi kwa sehemu kubwa na nzito kwa sehemu chache, mashine inayozunguka kwa kasi ya juu wakati wote inapoteza nishati karibu kila mahali kwa ajili ya mahali pachache. Hatuwezi pia kuipunguza kasi ovyo, kwa maana kisu kizito cha mwendo hulaza nyasi badala ya kuzikata. Mashine yenye akili ni ile inayozunguka polepole kiasi cha kutosha penye nyasi nyepesi, na kuongeza kasi papo hapo inapokutana na nyasi nzito. Hata mpishi wa maharagwe hukoleza moto hadi chungu kichemke, kisha huondoa kuni na kuacha chache za kukidumisha. Anayeacha moto ukiwaka kwa nguvu toka asubuhi hadi jioni huunguza chakula na kumaliza kuni za wiki nzima.

Je, mota hupataje akili hiyo? Mota za zamani, mfano wa ile yetu, hupitisha mkondo katika sehemu inayozunguka kwa kutumia vipande viwili vya kaboni vinavyosugua pete ya shaba iliyogawanywa vipande vipande. Msuguano huo hula kaboni, hula shaba, hutoa cheche na hupoteza nishati. Mota ikilemewa, cheche huzidi na pete huharibika, na hivyo ndivyo ilivyokufa mashine yetu. Mwaka 1962, T. G. Wilson na P. H. Trickey walieleza namna ya kuendesha mota ya mkondo mnyoofu bila brashi, kwa kutumia vifaa vya elektroniki kuugeuza mkondo. Katika mota ya namna hiyo sumaku ndizo zinazozunguka, nazo nyaya zimetulia mahali pamoja. Transista hufungua na kufunga mkondo wa kila kundi la nyaya kwa zamu, kulingana na mahali sumaku ilipofika. Sumaku zenye nguvu nyingi za neodimiamu, zilizovumbuliwa mapema katika miaka ya 1980 huko Japani na Marekani, na betri za ioni za lithiamu, zilizoanza kuuzwa mwaka 1991, ndizo zilizoiwezesha mota hiyo kuingia katika mashine ndogo inayosukumwa kwa mkono.

Udhibiti wa kasi nao umebadilika. Zamani, ili kupunguza kasi ya mota, iliwekwa kizuizi cha ukinzani njiani, nacho kikaugeuza umeme uliozidi kuwa joto. Hivyo mashine ilikwenda polepole, lakini hasara ilibaki pale pale. Siku hizi transista huwasha na kuzima mkondo maelfu ya mara kwa sekunde. Ikiwashwa kwa asilimia 60 ya muda na kuzimwa kwa asilimia 40, mota huhisi kana kwamba imepewa asilimia 60 ya volti. Kwa kuwa transista iliyozimwa haipitishi mkondo, na iliyowashwa kikamilifu ina ukinzani mdogo mno, ni kidogo sana kinachopotea. Kidhibiti hupima kasi na mkondo kila mara. Kasi ikishuka kwa sababu ya nyasi nzito, huongeza muda wa kuwasha. Nyasi zikipungua, huupunguza. Mkondo ukipita kiwango cha hatari, huizima mota kabla haijaungua. Lau mashine yetu ingalikuwa na kidhibiti cha aina hiyo, ingalikataa kufanya kazi, nasi tungalinung'unika kwa dakika tano, lakini tungalikuwa nayo hadi leo.

Turudi kwenye ule mfano wetu tuone faida yake. Chukua betri ya volti 36 na ampea 5 kwa saa, ambayo ina nishati ya wati 180 kwa saa. Mota ya asilimia 60 inayovuta wati 1,000 itaimaliza kwa dakika 11 hivi. Mota ya asilimia 85 itakwenda takriban dakika 15. Sasa tuseme kuwa kati ya zile wati 600 za kisu, 500 zilikuwa za hewa na 100 za kukata. Tukipunguza kasi kwa sehemu moja kati ya tano penye nyasi nyepesi, zile 500 zinakuwa 256, na mota inavuta wati zipatazo 420. Betri ile ile sasa inakwenda takriban dakika 26. Muda umezidi maradufu pasipo kununua betri kubwa zaidi. Nawaomba walimu wenzangu waiandike hesabu hii ubaoni, kwa kuwa inafundisha ufanisi, vipeo na nishati kwa mara moja.

Udhibiti vilevile ni suala la uhai. Kisu chenye urefu wa sentimita 46 kinachozunguka mara 3,000 kwa dakika, ncha yake hukimbia kwa mita 72 kwa sekunde, yaani kilomita 260 kwa saa. Matatu zetu zimewekewa kikomo cha kilomita 80 kwa saa, na bado tunajua maafa yake. Nchini Marekani, tangu mwaka 1982, kanuni zinataka kisu cha mashine inayosukumwa kwa mkono kisimame katika muda wa sekunde 3 baada ya mwendeshaji kuachilia mpini. Kidhibiti cha elektroniki huweza kuigeuza mota yenyewe kuwa breki. Kadhalika, hutuliza mwanzo wa mwendo. Mota iliyosimama haina msukumo wa kinyume wa kuuzuia mkondo, ndiyo maana inapowashwa ghafla hugugumia mkondo mara nyingi kuliko kawaida. Kidhibiti huiamsha taratibu, nao waya, betri na transista hunusurika.

Nisieleweke vibaya kuwa dawa ya kila kitu ni elektroniki. Wahenga walisema mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Kisu butu hukwaruza na kuchana nyasi, na mota hulazimika kufanya kazi zaidi kwa matokeo mabaya zaidi. Tupa ya kunolea haina gharama kubwa. Aidha, nyasi zinazokatwa kidogo kidogo kila wiki huhitaji nguvu ndogo kuliko zilizoachwa hadi zifike magotini. Ushahidi ni zile mashine zinazojiendesha zenyewe, ambazo kampuni ya Husqvarna ya Uswidi ilianza kuziuza mwaka 1995, ya kwanza ikitumia mwanga wa jua. Kwa kuwa hupunguza nyasi kila siku kwa vijembe vidogo vyepesi, nyingi hutosheka na makumi machache tu ya wati. Bandu bandu huisha gogo. Shule inayosubiri nyasi ziwe msitu ndipo itafute mashine, tayari imeshaipoteza nishati hiyo kabla ya kuwasha chochote.

Najua wapo watakaoniuliza kwa nini niwashughulishe walimu na jambo hili wakati shule nyingi hazina maabara, na nyingine hazina hata madawati ya kutosha. Swali hilo ni la haki. Sisemi kila shule inunue mashine ya kukata nyasi. Shule yenye kondoo watatu na ua imara huenda ikawa imeshinda sote kwa ufanisi. Ninachosema ni kuwa shule ikiamua kununua, inunue kwa maarifa, na isiponunua, bado elimu hii inaihusu. Shirika la Kimataifa la Nishati lilikadiria mwaka 2011 kuwa mitambo inayoendeshwa na mota hutumia kati ya asilimia 43 na 46 ya umeme wote duniani. Mota ndiyo inayosukuma maji ya kisima, ndiyo inayozungusha kinu cha posho, na ndiyo inayoendesha pikipiki za umeme zinazoongezeka katika miji yetu. Aliyeielewa mashine ya nyasi ameielewa pikipiki hiyo, kwa maana mota isiyo na brashi na kidhibiti chake ni jamaa mmoja.

Wengine watasema heri injini ya petroli, ambayo haina waya wala betri. Mimi sikubaliani nao. Injini ndogo za namna hiyo kwa kawaida hugeuza sehemu moja hivi kati ya tano ya nishati ya mafuta kuwa kazi, na mara nyingine pungufu ya hapo. Zinazosalia huwa joto, moshi na kelele, na mwalimu aliyewahi kufundisha ushairi huku injini ikinguruma nje ya dirisha hahitaji kuelezwa zaidi. Halmashauri ya Rasilmali za Hewa ya jimbo la California imekadiria kuwa kuendesha mashine ya petroli ya wakata nyasi wa kibiashara kwa saa moja hutoa uchafu unaosababisha ukungu wa moshi sawa na kuendesha gari dogo jipya kwa takriban maili 300. Huo ni karibu mwendo wa kutoka Nairobi hadi Mombasa. Ndiyo sababu jimbo hilo lilipitisha sheria mwaka 2021, na kuanzia mwaka 2024 likaanza kuzuia uuzaji wa mashine mpya za namna hiyo zinazotoa moshi. Sisi petroli yetu yote hutoka ng'ambo, ilhali sehemu kubwa ya umeme wetu hutoka katika mvuke wa Olkaria, maji ya mto Tana, upepo wa Turkana na jua. Itakuwa ajabu kuupata umeme safi kwa jasho kiasi hicho kisha kuuchoma katika waya mwembamba.

Kuna pingamizi moja ambalo nalikubali. Mota ya brashi iliweza kutengenezwa na fundi wa mtaani. Alibadilisha kaboni, alisokota nyaya upya, nayo ikanguruma tena. Kidhibiti cha kisasa mara nyingi huja kimefunikwa kwa gundi ngumu, na transista moja ikiungua kifaa kizima hutupwa. Tukiingia katika elimu hii tukiwa wanunuzi tu, tutajaza stoo zetu mashine zilizokufa zenye ufanisi mkubwa. Ufaransa ilipoanzisha alama za kupima urahisi wa kutengeneza bidhaa mwaka 2021, mashine za umeme za kukata nyasi zilikuwa miongoni mwa aina tano za kwanza, pamoja na simu, kompyuta za mkononi, televisheni na mashine za kufulia. Sisi tuna kanuni za mwaka 2016 zinazotaka vifaa kama majokofu na viyoyozi viwe na vibandiko vya kuonyesha ufanisi wake. Ni hatua njema. Serikali haina budi kuipanua ihusishe vifaa vingi zaidi vyenye mota, na ipime pia kama kifaa kinaweza kufunguliwa na kutengenezwa hapa nchini.

Kwa walimu wakuu na bodi za shule, ushauri wangu ni mfupi. Kabla ya kutoa pesa za wazazi, ulizeni maswali manne. Mota ina brashi au haina? Kidhibiti chake hufanya nini mashine inapolemewa? Vipuri vinapatikana wapi? Waya au betri yake inalingana na ukubwa wa uwanja wenu? Muuzaji asiyeweza kuyajibu hayo, na ambaye jawabu lake pekee ni idadi ya wati, muageni kwa heshima.

Kwa walimu wa fizikia na wa masomo ya ufundi, naomba tutoke nje. Mtaala wa umilisi unatutaka tufundishe kwa vitendo, na vitendo hivi viko mlangoni petu. Chukueni kipimo cha umeme, mpime nishati inayotumika kwa dakika kumi kisu kikiwa butu, kisha mpime tena kikiwa kimenolewa. Pimeni nyasi fupi na nyasi ndefu, waya mwembamba na waya mnene. Mashine na iendeshwe na mtu mzima aliyefunzwa, nyasi ziwe kavu, wanafunzi wasimame mbali, na pasiwe na mkono wowote karibu na kisu kabla plagi haijachomolewa au betri haijaondolewa. Wanafunzi nao wachore grafu zao na waulizane kwa nini ziko hivyo. Tusisahau kuwa mashine ya kwanza ya kukata nyasi iliundwa na Edwin Budding huko Stroud, Uingereza, mwaka 1830, naye inasemekana aliliazima wazo lake kutoka kwa mashine ya kusawazisha nguo kiwandani. Ujuzi huvuka kutoka kazi moja hadi nyingine, na hakuna sababu ya kutovuka kutoka kwenye pikipiki ya umeme hadi kwenye mashine ya nyasi katika karakana za Kamukunji.

Kwa wanafunzi, nina neno moja. Huenda kesho ukapewa slasha na kuonyeshwa kipande chako. Unapofyeka, tazama jinsi fyekeo butu linavyolaza nyasi, jinsi linavyohitaji kasi fulani kabla ya kukata, na jinsi mkono wako unavyochoka upesi ukipiga kwa nguvu zako zote mahali ambapo nusu yake ingetosha. Mkono wako tayari unajua kupunguza penye wepesi na kuongeza penye uzito. Kazi ya mhandisi ni kuifundisha mota ujuzi ambao mkono wako unao.

Yule mwanafunzi wangu aliuliza mbona mashine ya wati 1,600 imeshindwa na nyasi. Haikushindwa na nyasi. Ilishindwa na sisi tulioinunua, tukaipa waya mwembamba na kisu butu, tukaiingiza katika nyasi ndefu zenye umande, huku haina kitu chochote ndani yake cha kuiambia ikome. Mashine hiyo ingali stoo, na kila nipitapo hapo hukumbuka kuwa hesabu ya kuiokoa ilikuwa ubaoni mwangu wakati wote. Natumaini shule itakayonunua mashine yake muhula ujao itaifanya hesabu hiyo kabla ya kwenda dukani.